Kaburi la Viatu

Watu wa kwetu Ludara wana moyo wa kusamehe. Mwizi wa kuku husamehewa. Hata aliyetoroka na mke wa mtu, kesi ikishakwisha na mbuzi wakishaliwa, hukaribishwa chai. Lakini jaribu kuwaibia machozi uone. Baba yangu aliwaibia machozi mwaka wa sabini na tisa, mchana kweupe, kijiji kizima kikiwa kimekaa chini uwanjani kwetu, na jambo hilo halikusahauliwa hata kichwa chake kilipokuwa cheupe chote.

Alikuwa dereva wa lori jeshini. Nalisema mapema, kwa sababu ukitamka "askari wa wakati ule" watu wa sehemu nyingine za nchi hukutazama kwa jicho baya, kana kwamba kila aliyevaa ile sare alikuwa na damu kwenye kucha. Baba alibeba unga, maharagwe na mapipa ya dizeli. Vita vilipoanza upande wa Kagera alibeba risasi wakati wa kwenda na majeruhi wakati wa kurudi. Tangu hapo akawa mtu wa kuosha mikono muda mrefu kabla ya kula, anasugua na kusugua, mpaka mama anamwambia inatosha, ngozi itatoka. Kuhusu vita hivyo nilimsikia akisema jambo moja tu, kwamba barabara ilikuwa mbaya.

Jeshini alikuwa mtu mdogo, lakini nyumbani alikuwa jemadari. Kila asubuhi mimi na wadogo zangu wawili tulijipanga na vikombe vyetu, tukakaguliwa kucha na masikio. Mama alikuwa mtu wa Pajulu, karibu na mji wa Arua, Mlugbara aliyesilimu kwa ajili ya ndoa. Baba alikuwa Mkakwa wa Ludara, upande wa Koboko. Kwa kuwa kila mmoja aliijua lugha ya mwenzake nusunusu, waliongea Kiswahili cha kambini, kile cha amri na cha soko. Walibembelezana kwa hichohicho na kugombana kwa hichohicho. Mama alipenda kumtania kwamba hata akimwita kula, yeye husikia paredi.

Serikali ilipoanguka baba alilileta lori mpaka dizeli ilipokwisha, akaliacha barabarani na funguo ndani yake, akamalizia safari kwa miguu. Alifika Ludara na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na sare yake ya kaki, kofia, mkanda wenye bizimu ya shaba, na buti. Nazikumbuka zile buti kuliko sura yake ya siku ile. Alizing'arisha kila jioni maisha yake yote ya jeshi, na hata baada ya mwendo ule alikuwa amezifuta.

Siku hizo kila nyumba ya askari ilikuwa na gunia kama lile, na kila mke aliogopa gunia kuliko nyoka. Askari wa serikali mpya walikuwa njiani. Wengine walitupa sare chooni, wengine walichoma nyuma ya nyumba, na harufu ya mpira wa soli ilikaa kijijini juma zima. Baba hakutaka kusikia.

"Choma," mama alimwambia jikoni. "Choma leo."

"Nguo ya serikali hapana choma."

"Serikali gani? Iko wapi hiyo serikali?"

"Watatuita tena. Mutu ya lori hapana kosa kazi."

"Basi tupa kwa choo."

"Buti yangu kwa choo?" Aliuliza kama mtu aliyeambiwa atupe mtoto. Na mama, ambaye wakati huo alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, alirudi kwenye chungu chake.

Wazo la kaburi lilikuwa la baba, na bibi, mama yake, akalitia nguvu. Hakuna askari anayefukua kaburi, alisema baba, kwa sababu kila askari ana mama. Lakini ukizika mtu mzima watu watauliza ni nani. Kichanga kilichotoka bila kulia hakina aliyekihesabu, na kwa desturi ya shehe wetu hakisaliwi. Hilo la kutosaliwa ndilo lililompa baba amani. Mungu, alisema, anaweza kumsamehe mtu aliyeficha viatu, ila si aliyeviswalia.

Kwa hiyo ilibidi isemwe kwamba mimba ya mama imetoka.

Mama alikataa. Alisema maneno huumba, na mdomo wa mzazi ndio unaoumba kuliko yote. Alisema hawezi kumwita kaburini mtu anayempiga mateke tumboni wakati huohuo. Lakini ikaja habari kwamba kijiji cha pili nyumba imechomwa kwa sababu ya buti zilizokutwa ghalani, pamoja na mzee aliyekuwa amelala ndani. Bibi akamshika mama mkono, akamwambia ni mchezo tu, mwanangu, mchezo wa siku moja. Waswahili wana msemo kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, ila siku ile hakuna kwetu aliyekuwa na nafasi ya misemo. Mama akaingia chumbani akalala, uso ukutani.

Lazima nieleze kilio cha kwetu, maana bila hicho huwezi kuelewa baba alifanya nini. Kwetu mtu halii peke yake. Mwanamke wa nyumba yenye msiba hupiga ukelele wa kwanza, na jirani wa karibu anaupokea akiwa kwake, palepale alipo, hata kama mikono yake ina unga. Ndipo wa tatu anaupokea kutoka kwa wa pili, na kilio kinakwenda hivyo boma kwa boma mpaka mlima wa pili wajue. Hupokei kilio cha nyumba yako mwenyewe. Ni lazima kipokewe kutoka nje. Wanaume kazi yao ni kuchimba na kukaa kimya. Nyumba ambayo kilio chake hakipokelewi, hiyo imekwisha, hata kama watu wake wanakula na kunenepa.

Bibi alipiga ule wa kwanza asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Aliyepokea ni mama jirani, tuliyetengana naye kwa ua wa minyaa na kipande cha shamba la muhogo. Msimu wa mvua uliotangulia alikuwa amezika kichanga chake mwenyewe, cha kweli. Kwa hiyo hakupokea kwa desturi tu. Alipokea kutoka tumboni, na alikuja mbio kupitia kwenye muhogo, udongo wa shamba mikononi, akaanguka mlangoni kwetu analia kuliko mwenye msiba. Nyuma yake walikuja wote.

Mimi nilikuwa mtoto mkubwa wa kutosha kujua. Nilikuwa nimemwona baba akizifunga buti kamba, moja kichwani na moja miguuni, sare ikikunjwa katikati, na shuka jeupe likizungushwa mara nyingi. Kifurushi kilikuwa kizito mno kwa kichanga, na baba alikitoa nje akijikaza kukibeba kama kitu chepesi. Aliweka mkono wa kushoto chini na wa kulia juu. Alishuka mwenyewe shimoni akakilaza. Alipotoka machozi yalikuwa yanamtiririka, na wanawake walipoona mwanajeshi analia, kilio kikaanza upya. Mpaka leo naamini yalikuwa machozi ya kweli. Alikuwa analilia lori lake.

Aibu ya ndani ilikuwa ya mama. Alilala chini ya mablanketi kwenye joto lile, mikono juu ya tumbo ili lisionekane, bibi akiwa mlangoni anasema ana homa, asiguswe. Kwetu mwanamke aliyepoteza mtoto hapiki. Huletewa uji wa mtama uliotiwa simsim iliyopondwa, na anayeleta hukaa mpaka aone umenyweka. Mama jirani ndiye aliyeleta. Alikaa kizingitini, macho mekundu, akasubiri. Mama akajiinua kidogo chini ya blanketi, akanywa kibuyu chote, huku mtoto wake anazunguka ndani. Aliniambia baadaye kwamba katika yote aliyopitia, pamoja na ya Sudan, hakuna lililomshinda kumeza kama uji ule.

Na ukweli wote usemwe: hila ilifanya kazi. Askari walikuja, baba akiwa porini. Waliingia ghalani, wakadunga nyasi za paa kwa singe za bunduki, wakamulika chooni. Walipofika kwenye kile kilima kidogo chenye mawe mapya, mmoja wao, kijana, alivua kofia. Wakaenda zao. Baba alilitumia jambo hilo maisha yake yote kila alipobanwa kwenye kona. "Tungekuwa majivu," alikuwa akisema, na mimi nilimchukia kwa kuwa na haki.

Haikupita muda tukakimbia wote, kijiji chetu na vijiji vya jirani, tukavuka kwenda Sudan, tukapewa mahali pa kujenga vibanda mbele ya Kaya, kwenye njia ya Yei. Mama alijifungua huko, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mama jirani, ambaye kibanda chake hakikuwa mbali, alisikia mtoto analia akaja kuangalia. Alimtazama mama, akamtazama mtoto, akahesabu miezi mwenyewe. Halafu akamgeukia baba.

"Ile sisi nalia kule nyumbani, ilikuwa nani?"

Baba akamweleza. Alieleza kwa kujivunia kidogo, akacheka, akidhani na yeye atacheka, kwani si wote tumepona? Alimwambia hata ni buti gani. Mama jirani hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri, akasema asante, akatoka. Kabla ya mwezi kuisha watu wote wa Ludara waliokuwa Sudan walijua kwamba walikaa chini kwenye vumbi kulilia viatu vya dereva. Hakuna aliyetutukana. Walitusalimu kama kawaida, na chumvi walitugawia. Ila walikuwa wameshaamua.

Mdogo wangu yule alikuwa mtoto wa kuchekesha. Alipoanza kutembea alitembea nyuma ya baba, miguu ikipigwa chini kwa nguvu, na baba akisimama anasimama, akigeuka anampigia saluti kwa mkono wa kushoto. Baba, mtu wa kukagua masikio, alimrekebisha mwezi mzima, mwisho akakata tamaa akawa naye anajibu kwa mkono wa kushoto. Alimwita askari wangu. Mama alitazama michezo hiyo bila kucheka sana. Mara nyingine nilimkuta amempakata mtoto usingizini, anampapasa kichwa, anamwambia kwa Kilugbara, wewe uko hapa, uko hapa.

Surua iliingia kambini wakati wa kiangazi. Baba alikuwa mbali, upande wa Yei, anakata mbao kwa ajili ya tajiri mmoja ili apate unga. Mtoto aliugua, macho yakafunga, akaacha kuomba maji, na asubuhi moja mama alinituma kuchota nikarudi nikamkuta ameketi na mikono iko wazi juu ya mapaja. Sikuhitaji kuambiwa.

Hakulia. Surua ilikuwa inachukua watoto karibu kila kibanda, na wakubwa wa kambi walikuwa wameomba wanawake wasipige kelele kwa kuwa wagonjwa walikuwa wanakata tamaa. Lakini si hilo lililomzuia mama. Tulimzika mtoto chini ya mkwaju, mimi na mama na wazee wawili wa kambini, na kichwani pa kaburi mama aliweka nusu ya jiwe lake la kusagia, lililovunjika tulipokuwa tunakimbia. Aliniambia, "Kilio yake nitalia nyumbani. Hapa hapana mahali ya kulia mutoto."

Baba alirudi na unga na mkebe wa sukari. Alisimama mlangoni akitafuta nani anampigia saluti. Mama hakunyanyua macho kutoka kwenye moto. Alimwambia maneno ambayo ningetamani nisingekuwapo kuyasikia.

"Mutoto yako ulizika zamani. Mimi nimemalizia tu."

Baba aliweka unga chini, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya kibanda. Hakusema tungekuwa majivu.

Tulirudi nyumbani mwaka wa themanini na sita au saba, vita vya Sudan vyenyewe vilipotufukuza. Ludara ilikuwa nyasi tupu. Nyumba yetu ilikuwa imelala chini, mti wa papai umeota ndani ya chumba walicholala wazazi wangu. Kitu kimoja tu kilikuwa kama tulivyokiacha, nacho ni lile kaburi. Mawe yalikuwa yamekaa sawasawa, hata moja halijahama. Mama alitua mzigo kichwani. Alilitazama kwa muda, kisha akajitwisha mzigo tena.

"Mimi hapana lala hapa," alisema. "Kaburi ya mutoto iko hapa, mutoto iko Sudan. Siku wewe naleta yeye, tuma neno kwa kaka yangu."

Akawachukua wadogo zangu wawili, akashika njia ya Arua, mpaka kwao Pajulu. Mimi nilibaki kwa sababu mtu mmoja alipaswa kumpikia baba, na kwa sababu nilikuwa nafanana naye kwa ukaidi. Baba hakukimbia nyuma yake. Alianza kung'oa papai.

Ndivyo tulivyoishi, miaka. Baba hakuitwa tena na jeshi lolote. Alifyatua matofali kando ya kijito, mimi nikichota maji, na siku hizo kila mtu alikuwa anajenga upya, Koboko na mpaka Arua mjini, kwa hiyo kazi haikukosa. Alikuwa mpole sasa, upole wa mtu aliyechoka. Kucha zangu hakuzikagua tena. Kila tanuri lilipopoa alichagua matofali machache ya katikati, yale yaliyoiva yakawa mekundu na yakigongwa yanalia, akayapanga pembeni ya uwanja, akayafunika kwa nyasi. Wanunuzi waliyataka, akakataa. Hakuniambia ni ya nini, na mimi si mjinga.

Alikwenda Pajulu kila baada ya mavuno, na sabuni na sukari. Mjomba alimpokea vizuri, wakasikiliza redio pamoja. Mama alimpikia kama mgeni, akampa maji ya kunawa, akakaa mbali. Kila mara baba alirudi peke yake. Huko Sudan njia ilikuwa imefungwa, mara na hawa, mara na wale, na wote waliojaribu kupita Kaya walirudi wakisimulia risasi. Shehe alimwambia aache, mtoto ameshazikwa, kila ardhi ni ya Mungu. Baba aliitikia ndiyo shehe, akaendelea kupanga matofali.

Miaka ya tisini ilikuwa imekaribia kuisha vita viliposogea mbali kidogo na mpaka. Baba akaniambia twende. Ilibidi niende mimi, kwa sababu yeye hakulijua kaburi. Siku ya kumzika alikuwa anakata mbao, na siku alizobaki pale baadaye hakuomba kuonyeshwa, wala mama hakumwonyesha.

Nilidhani sitapatambua. Vibanda vyetu vyote vilikuwa vichaka. Lakini mkwaju ulikuwapo, na kando yake palikuwa na nyumba ya watu waliokimbia vita kutoka ndani zaidi, na mwanamke mmoja ameketi anasaga simsim. Anasagia juu ya nusu ya jiwe. Nililijua kwa ule upande uliovunjika. Nilisimama nikilikodolea macho, na yule mwanamke akatutazama, akatazama jiwe, akaelewa bila kuambiwa. Aliruka akamwaga simsim yake chini, akaanza kuliosha jiwe kwa haraka, akiomba msamaha kwa Kiarabu cha kwao. Alisema walilikuta limesimama, hawakujua la nani, ila pale lilipokuwa hawakulima. Alituonyesha. Katikati ya mtama wake palikuwa na kipande kidogo hakijaguswa, na magugu yake yameng'olewa.

Baba alipiga magoti. Alichota udongo kwa mikono, si mwingi, akauweka kwenye shuka jeupe alilokuja nalo, akafunga. Jiwe alimwachia yule mwanamke. Tulipanda lori la mkaa mpaka Kaya, na kutoka hapo alikataa gari na baiskeli. Alitembea mpaka Ludara akiwa amebeba kifurushi kile, mkono wa kushoto chini, wa kulia juu. Safari hii hakujikaza. Kilikuwa chepesi, na nilimwona mara mbili tatu akiangalia kama bado kimo.

Alituma neno Pajulu. Kisha akazunguka mwenyewe kwa kila boma la Ludara, mzee mzima, kofia mkononi, kuwaarifu watu kwamba anamleta mtoto wake nyumbani na kuwaomba waje walie naye. Walimjibu kwa adabu. Tumesikia, mzee. Pole, mzee. Kwa mama jirani nilikwenda naye. Alikuwa amezeeka pia, anafagia uwanja wake. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ile mutoto," alisema, "sisi nalia yeye zamani."

Akarudi kwenye ufagio wake. Msiba wa kujitakia hauna kilio, methali hiyo naijua tangu shuleni, lakini sikuwahi kuiona ikiwa imesimama na ufagio mkononi.

Kabla mama hajafika baba alilifukua lile kaburi la kwanza. Mchwa walikuwa wameila sare yote, shuka limekuwa vumbi. Bizimu ilikuwa imegeuka kijani. Buti zilikuwapo, zimekauka na kukunjamana, kamba zake zimefungwa vilevile. Alidhani atamlaza mtoto hapo na kujengea. Mama alipofika na mjomba alisimama kwenye ukingo, akatikisa kichwa.

"Shimo hii iko na uongo. Chimba ingine."

Baba alichimba jingine. La zamani alilijaza vipande vya matofali yaliyovunjika. Buti alizichukua kwa kamba zake, akaenda nazo chooni, na tukasikia zikianguka.

Uwanja tulikuwa tumeufagia, mikeka tumetandika. Hakuja mtu. Jua lilipanda, mikeka ikapata moto, mjomba akazima redio yake akaketi na mikono magotini. Mwisho baba akasema tusisubiri tena. Akashuka shimoni, akaulaza udongo ule, akatoka, akaanza kupanga yale matofali yake mazuri moja baada ya jingine.

Ndipo mama akalia. Alikuwa amekibeba kilio kile kutoka Sudan, akakaa nacho Pajulu miaka yote, na kilipotoka kilinitisha, kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Kilipita juu ya ua na muhogo. Kisha akanyamaza, kama inavyotakiwa, kusubiri kipokewe.

Nilisikia ufagio wa mama jirani. Ufagio ukasimama. Nikaomba, Mungu, mfungue mdomo. Ufagio ukaanza tena.

Mama akalia mara ya pili, na sasa sauti yake ilikuwa na aibu ndani yake, na mimi nilishindwa kustahimili. Nilifungua mdomo, lakini mjomba alinishika bega. Mimi ni mtu wa nyumba ile. Hupokei kilio cha kwenu.

Baba aliweka tofali chini. Alitoka uwanjani, akapita mlango wa ua, akavuka njia, akaenda kusimama kwenye ukingo wa muhogo wa mama jirani, mahali ambapo si kwetu tena. Akageuka akaitazama nyumba yake. Kisha akapokea. Mwanamume, askari, mzee, alipiga ukelele wa wanawake, na aliupiga vibaya, sauti ilikatika katikati ikashuka kuwa kitu kama kukohoa. Akavuta pumzi akapiga tena. Mama alimsikia. Alilia, naye akapokea, akalia, akapokea, mpaka wote wawili wakaishiwa sauti.

Mama jirani alikuwa amesimama uwanjani kwake akimtazama mgongoni. Baadaye aliingia ndani akafunga mlango.

Baba alibaki palepale ukingoni. Nadhani hakujua kama anaruhusiwa kurudi. Mama alijifuta uso kwa kanga, akaingia jikoni, jiko tulilolijenga yeye akiwa Pajulu na ambalo hakuwahi kuliingia, akaanza kugeuza vibuyu.

"Simsim munaweka wapi?" aliniuliza.

Nilimwonyesha. Aliiponda mwenyewe, akapika uji wa mtama, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba hakuna atakayeuleta. Akaumimina kibuyuni, akanituma nimwite baba. Alikuja akachutama kwenye beseni, akaanza kunawa, anasugua na kusugua, na mama akiwa amesimama juu yake na kibuyu mkononi.

"Inatosha," mama alisema. "Ngozi itatoka."

Baba akakung'uta mikono, akapokea uji. Mama alikaa kizingitini mpaka baba akaumaliza wote.